Toa Maji kwa Sista Kevina

Hakuna atakayeiamini hadithi hii, na ninawaambia mapema ili baadaye msinishike shati. Ina mwanamke mwenye pua, ina kompyuta yenye utii kupita kiasi, na ina gari la kunyonya vyoo lililotaka kunywa maji ya wazazi kule Manibe. Ukiamini nusu, wewe ni mwerevu. Ukiamini yote, njoo nikuuzie kilima cha Arua.

Mwanamke mwenyewe ni Eyotaru, mzaliwa wa Manibe, nje kidogo ya mji wa Arua huku Uganda, umri wa miaka thelathini na mmoja, mpwa wa mtu mmoja mashuhuri ambaye adabu yangu hainiruhusu kumtaja. Akili amezitoa huko huko kwa mjomba. Pua sijui ameitoa wapi.

Wapo watu wanaozaliwa na kidole cha sita. Eyotaru alizaliwa na pua. Tangu utotoni, muuza samaki wakavu akiwa bado ng'ambo ya shamba la mihogo, yeye tayari ameshikilia ukuta anatapika. Hakula sahani moja na wenzake. Kikombe hukiinua juani kwanza, akakichungulia ndani kama daktari anayetazama koo. Matangani huenda na kijiko chake mwenyewe, kimefungwa kwenye leso, na watu wakimnunia husema yuko kwenye dawa. Mchumba wa kwanza alipokuja kujitambulisha alivua viatu mlangoni kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomponza. Wa pili, kwa kusikia habari za wa kwanza, hajafika mpaka leo.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akampa kazi gani? Kazi ya maji na vyoo.

Ofisi yake iko juu Arua Hill, katika nyumba moja ya zamani ya enzi ya wakoloni, yenye veranda pana mbele na popo darini. Kila asubuhi hupangusa kinyesi cha popo mezani kwa karatasi, uso kaugeuzia dirishani, karatasi kaishika kwa ncha za vidole viwili. Kisha hunawa. Kisha hunusa vidole. Kisha hunawa tena. Ndipo huwasha kompyuta.

Ndani ya kompyuta hiyo kuna ile akili ya kutengenezwa na watu. Ukiiandikia au ukiisemesha kwa simu, inakujibu kwa upole kama karani aliyetoka tu kupandishwa cheo. Lakini akili hiyo haina mikono. Haiwezi kuwasha lori, haijui barabara. Mikono yake iko nje yake, kwenye seva tatu, kompyuta za kuendeshea kazi. Seva ya kwanza ni ya hapo hapo Arua, ya malori yanayosambaza maji safi. Ya pili iko Koboko, ya magari ya kunyonya vyoo. Ya tatu ni ya barabara tu, inajua daraja lipi limekatika na njia ipi ina vumbi la kupofusha dereva. Kila asubuhi akili inazibishia hodi zote tatu: leo mna zana gani? Kila seva inataja zana zake, moja moja kwa jina, pamoja na maneno machache ya kueleza kazi ya kila zana. Mteja akiomba kitu, akili inachagua zana inayofaa, inaiita kwa jina, na seva yenye zana hiyo inatenda.

Kuziunganisha zana za seva tatu zifanye kazi kama za nyumba moja, hiyo ndiyo kazi ya Eyotaru. Ni kama kupika kwa masufuria ya wake wenza watatu: usipojua lipi la nani, utalala njaa na tena utapigwa. Alijifundisha mwenyewe, miaka mitatu, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Na aliifanya vizuri. Mji mzima ulizoea. Mtu wa Manibe alikuwa anasema neno moja kwenye simu, na lori la maji linapanda kwake kabla hajamaliza kufagia uwanja.

Seva ya Koboko ilikuwa mikononi mwa Landry, Mkongo wa Ariwara aliyevuka mpaka miaka mingi iliyopita na gunia la redio mbovu, akabaki. Fundi mzuri, mcheshi, hana haya hata ya kukopesha. Siku ya Jumatano mchana aliongeza kwenye seva yake zana mpya ya kuitia magari, na jina lake likajitokeza kwenye skrini ya Eyotaru saa ile ile alipokuwa amefungua chakula chake, mihogo na maharage. Akasoma. Akafunika bakuli. Akapiga simu.

"Landry, hii nini umeandika?"

"Iko jina ya zana, dada. Vuta mavi."

"Ninaona! Ndiyo nauliza!"

"Gari inavuta. Inavuta nini? Mavi. Jina iko wazi, hata mutoto anaelewa."

"Mimi ninakula mbele ya hii kompyuta, Landry."

"Kula tu, dada. Mavi ya kuandika haina harufu."

"Kwangu inayo. Badilisha."

"Niite nini sasa? Vuta maua?"

"Ita kitu cho chote chenye heshima! Mtu mzima hasemi neno hilo, na wateja wanaona. Sitaki kuliona tena, linanitapisha."

Landry alicheka mpaka simu ikakwaruza, lakini alitii. Alifikiri kidogo. Kinachotoka chooni, ukikitazama kwa huruma, ni maji. Na gari linakitoa. Basi akafuta jina la kwanza, akaandika *toa_maji*. Pale pa maelezo akaweka: "Hutoa maji kwa mteja." Eyotaru akatazama mara moja, akaona neno chafu limeondoka, akashusha pumzi, akafungua bakuli lake.

Sasa msomaji mwenye akili ameshaanza kukuna kichwa, na asiye na akili nitamsaidia. Seva ya Arua, ile ya maji safi, ilikuwa na zana yake tangu mwaka juzi. Jina lake *toa_maji*. Maelezo yake: "Hutoa maji kwa mteja." Eyotaru mwenyewe ndiye aliyeyaandika. Toa ya Arua ni toa ya mkarimu: toa, mpe mtu. Toa ya Koboko ni toa ya mfagiaji: toa, ondoa hapo. Na hilo "kwa" ndilo chura kabisa, huruka pande zote. Kutoa maji kwa mtu ni kumpelekea, na kutoa maji kwa mtu ni kumchukulia. Sisi tunaelewana kwa sababu tunaonana nyuso. Mashine haioni uso wa mtu.

Kukapambazuka Alhamisi, mwezi wa pili, jua la kukausha mate. Akili ikabisha hodi zake. Arua ikataja zana zake. Barabara ikataja zake. Koboko, kama kawaida, ikafika mwisho, maana mtandao wa huko hutembea kwa magongo. Na programu ya Eyotaru ya kuziunganisha seva, ikikuta majina mawili yanayofanana, ilikuwa na tabia moja ya kijinga: la mwisho lililikalia la kwanza kichwani. Toa maji ya Arua ikafunikwa. Hakuna aliyelia.

Saa nne, kule Manibe, Sista Kevina alishika simu. Huyu ni mkunga mwenye zahanati ndogo ya vyumba vitatu, mwanamke mnene wa sauti nene, amepokea watoto wengi kuliko padri. Siku hiyo alikuwa na wazazi watatu kitandani kwa wakati mmoja. Kisima cha kijiji kilikuwa kimevunjika mpini wiki ya pili sasa. Maji yake yote yalikuwa kwenye tangi jeusi la plastiki nyuma ya jengo, na yalikuwa yamebaki kiasi cha magoti. Ukutani kwake kulikuwa na karatasi iliyobandikwa na Eyotaru mwenyewe, kwa herufi kubwa: UKITAKA MAJI SEMA, TOA MAJI. Kevina akasema kama karatasi inavyotaka.

"Toa maji kwa Sista Kevina, Manibe. Tangi liko nyuma. Haraka, tafadhali, wamama wanazaa."

"Sawa, Sista," ikajibu akili kwa sauti tamu. "Gari limepangwa. Litafika baada ya dakika arobaini."

Eyotaru aliliona jibu hilo likipita kwenye skrini, akaridhika, akamimina chai. Alikuwa amekiinua kikombe dirishani akichungulia kama kuna kitu kinaogelea, na macho yakateleza nje ya kikombe, yakaenda chini uwanjani. Lori la maji safi lilikuwa limeegeshwa pale pale chini ya mwarobaini. Dereva amelala kwenye kivuli chake, kofia usoni.

Akaweka kikombe. Kama lori liko hapa, Manibe linakwenda gari gani?

Akafungua kumbukumbu za programu, mahali ambapo kila zana iliyoitwa huandikwa na jina la seva yake. Akasoma mstari mmoja. *toa_maji, Koboko.* Akausoma tena kwa kidole. Akashika simu, akampigia Landry.

"Landry! Ile zana, uliipa jina gani?"

"Toa maji, dada. Jina ya heshima, kama ulisema."

"Toa maji ni yangu! Iko Arua tangu zamani!"

"Sasa mimi nitajua je? Ulinikataza mavi. Mutu ukimukataza mavi, anaandika maji."

"Gari gani limekwenda Manibe?"

Landry anabonyeza kwake.

"Gari ya Amandu," akasema, na sasa sauti yake haikuwa na kicheko. "Asubuhi alinyonya choo ya shule moja huko njiani. Gari imejaa nusu. Imeandikwa: Manibe, tangi nyuma, toa maji."

"Futa!"

"Nimeshafuta, dada. Lakini Amandu anasoma ujumbe moja tu, ya kwanza. Simu anaacha ndani ya gari, akishika mpira ya kunyonya hashiki simu. Ni mutu ya usafi."

Mtu wa usafi! Eyotaru hakusikia zaidi. Alimpigia Kevina mara tatu akishuka ngazi, simu ikaita mpaka ikachoka, maana mkunga mwenye mikono kazini hapokei simu hata ya askofu. Akamwamsha dereva wa lori kwa teke la kiatu: "Manibe! Zahanati! Nenda na maji, sasa!" Yeye mwenyewe akaruka kwenye boda boda ya kwanza.

Njiani hakuwaza kazi yake, ingawa ingekwenda. Aliwaza mpira. Aliwahi kuuona siku moja Koboko, mnene kama paja, mdomo wake umeganda rangi ya kahawia, nzi wameukalia kama waumini. Mpira ule ukiingia ndani ya tangi la Kevina, hata kama utanyonya maji yote, utayanyonya na kuliacha tangi limelambwa na mdomo ule. Na kabla maji hayajaisha Kevina atakuwa amechota beseni moja kwa ajili ya mtoto. Atamnawisha mtoto macho.

"Ongeza mwendo," akamwambia mwenye boda.

"Dada, mbele iko mashimo."

"Ingia mashimo!"

Harufu ilimpokea kabla ya zahanati. Ilikuwa imetanda juu ya mihogo, nzito, tamu tamu, ile harufu ambayo mtu huimeza hata akifunga mdomo. Nyuma ya jengo gari la kijani lilikuwa limesimama, injini inanguruma. Mzee Amandu, mwembamba, kofia ya sufu kichwani jua lile, alikuwa juu ya ngazi ya tangi. Kifuniko ameshakifungua. Mdomo wa mpira ulikuwa mkononi mwake, umening'inia shibiri moja juu ya shimo la tangi, na kwenye ncha yake kulikuwa na tone. Lilikuwa tone kubwa, jeusi, zito, likijikusanya taratibu kama mtu asiye na haraka.

"Mzee Amandu! Acha!"

Injini ikameza sauti yake. Mzee akainamisha mpira.

Hapo ndugu zangu, mwanamke aliyebeba kijiko chake matangani alipanda ngazi ile kwa upande wa pili, akanyoosha mikono, akaukumbatia mpira mdomoni kwa kifua chake, akauvuta. Tone halikuanguka tangini. Lilianguka kwenye blauzi yake nyeupe, na nyuma ya tone kulikuwa na ndugu zake. Vilimwagika shingoni, vikaingia kwenye kola, vikateremka mgongoni, baridi. Kipande kimoja kilikaa kwenye kidevu. Aliufunga mdomo wake, akaziba pumzi, na hakuachia.

Amandu alishtuka, karibu aanguke. Akashuka kuzima injini. Wakabaki nzi tu wakivuma.

"Wewe binti, una wazimu?" akauliza. "Unashika mpira ya watu?"

"Mzee, hii tangi ni ya kunywa," Eyotaru akasema, na kusema tu kulimfanya ateme mate. "Ni maji safi."

"Naona iko safi. Hata mimi najiuliza, choo ya hawa wamama safi namna hii? Lakini kompyuta nasema toa maji. Maji iko hapa, mpira iko hapa. Matata iko wapi?"

"Hukuuliza mtu?"

"Niulize nani? Sista iko ndani nafanya mtu kulia. Na kompyuta iko na masomo kushinda mimi. Nani alipa hii kazi jina ya toa maji?"

Eyotaru alikuwa bado ameukumbatia mpira kama mtoto wa kuazimwa, hajui aushushe wapi usiguse ukuta wa tangi.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Sista Kevina akatokea na glavu zenye damu mpaka viwiko, jasho usoni, akiwa tayari kutukana. Akaliona gari. Akaona ngazi. Akaona Eyotaru. Pua yake ikafanya kazi ya siku nzima kwa sekunde moja.

"Mpira umeingia?" akauliza.

"Haujaingia, Sista."

"Tone?"

"Hata tone. Yote iko kwangu."

Kevina akaja mwenyewe, akapanda, akachungulia tangini kwa tochi ya simu. Maji yalikuwa yametulia, unaona mpaka chini. Akafunga kifuniko. Ndipo akasikiliza, pale pale juani, jinsi jina moja lilivyokataliwa kwa uchafu wake na jingine likaletwa kwa uzuri wake. Alisikiliza akitazama kile kipande cha kidevuni, na hakumwambia akifute.

"Binti yangu," akasema, "mficha uchi hazai. Hapa kwangu wanakuja wanawake wanaona aibu kutaja wanapoumia. Wananiambia tumbo, wananiambia mgongo. Mmoja aliniambia kichwa, na mtoto alikuwa ameshatoa mguu. Wewe umeifundisha mashine aibu yao." Akageuka. "Mzee Amandu, toa gari lako hapa. Toa, nasema, ondoa! Usije ukanipa jingine."

Ndani mama mmoja akapiga kelele, na Kevina akarudi mbio. Kabla lori la maji safi halijaingia uwanjani, sauti ndogo kali ilikuwa imeshasikika mara moja, na beseni la kwanza lilikuwa limechotwa kutoka tangi lile lile. Mtoto wa kike. Macho yake yalinawishwa maji ambayo hata Eyotaru angeyanywa bila kuyachungulia, na hilo, kwa mtu huyo, ni cheti.

Yeye hakumwona mtoto siku ile. Kevina alimkataza asikaribie mlango. Alioga nyuma ya stoo kwa ndoo za lori, akapewa gauni la mgonjwa na kanga ya kujifunga, na mwenye boda akakataa kumrudisha. Amandu ndiye aliyempandisha mjini, kwenye gari lile lile, madirisha wazi, yeye akitapika upande wa kushoto na mzee akimfariji kwamba hata yeye, mwezi wa kwanza wa kazi, alitapika hivyo hivyo, baadaye mtu anazoea, unaweza hata kula ndizi ukiendesha. Akatoa ndizi kuthibitisha. Akaila kwa mikono ile.

Jioni hiyo kabla jua halijazama Eyotaru alikaa mbele ya kompyuta na gauni la mgonjwa, akampigia Landry. Hakuna zana tena itakayoitwa jina tupu. Kila moja itatanguliwa na jina la mji wake, kama mtu na ukoo wake. Majina mawili yakifanana, programu isichague, isimame na kupiga kelele. Na kabla gari lo lote halijatumwa, akili imuulize mteja kwa maneno ambayo hata mlevi hawezi kuyakosea: unataka kuletewa maji ya kunywa, au kunyonyewa choo?

"Na ile yangu niandike je?" Landry akauliza kwa uangalifu.

"Nitaandika mwenyewe."

Akaandika herufi moja moja, midomo ameibana, uso umekunjamana kama aliyelamba ndimu iliyooza: *koboko_vuta_mavi*. Na maelezo: "Gari hunyonya mavi kutoka shimo la choo na kuyapeleka kuyamwaga. Lisikaribie maji ya kunywa." Akayasoma yote kwa sauti simuni, neno kwa neno. Kwenye "mavi" sauti ilikatika, akarudia. Landry hakucheka.

Msidhani amepona. Hakuna mtu aliyewahi kupona pua. Mpaka leo jina lile likipita kwenye skrini anageuzia uso dirishani, lakini anaacha jicho moja limebaki, linasoma. Karatasi ya ukutani kwa Kevina ameibandua akabandika nyingine. Na ile blauzi aliichoma moto.

Ila harufu, jamani! Harufu ile haikuchomeka. Siku arobaini nzima mbuzi walimpisha njiani. Alioga asubuhi, mchana na jioni, akamaliza miche sabini ya sabuni, maduka ya Arua yakafunga kwa kukosa sabuni, na siku alipokwenda kujisuuza mto Enyau, samaki walitoka wenyewe ukingoni wakapanda mpaka barabarani, ndipo mkuu wa mji akamwita mjomba wake, maana ni mtu wa hekima, akamwambia ndugu yangu peke yako ndiye unaweza kutu—

"Mjomba, nilioga mara nne. Kwa ndoo. Na siku hiyo wewe hukuwepo hata Arua, ulikuwa Koboko umejifungia ndani kwa sababu ya—"

"Haya, mpwa wangu, basi! Hadithi imekwisha."